Karatasi Yenye Tundu Moja

Nilipokuwa likizo nyumbani Wete mwezi uliopita, nilimpelekea ami yangu barazani, baada ya sala ya alasiri, karatasi ya shabaha niliyoisafirisha kutoka Ohio, Marekani, ninakoishi, ndani ya bahasha ngumu, kwa uangalifu ambao watu huuweka kwa vyeti vya kuzaliwa. Ami alikuwa msasi katika ujana wake, na kwa miaka mingi alilinda mihogo yake dhidi ya tumbili kwa bunduki ya marisau. Aliigeuza karatasi, akaiinua kwenye mwanga, kisha akaniuliza nilipiga risasi ngapi. Nikamjibu tano. Akaweka kidole penye tundu na kusema, "Moja hii hapa. Nne zimekwenda wapi?" Nilipomweleza kwamba zote tano zilipita hapohapo, alinyamaza kidogo, akanywa kahawa yake, akauliza, "Mwanangu, hii karatasi ilikukosea nini?"

Swali hilo nimeulizwa na wengi nyumbani, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu. Jirani yangu huko ni mkulima wa soya, na adui yake mkubwa ni marmota, mnyama mnene mwenye ukubwa wa paka aliyenona, ambaye huchimba mashimo kandokando ya shamba hadi magurudumu ya trekta yakazama, na ambaye majani machanga ya soya huyamaliza safu kwa safu. Sheria za huko zinamruhusu mkaazi wa kudumu kumiliki bunduki, na mkulima huyo ndiye aliyenifundisha kuitumia na kuniruhusu niwapunguze wanyama hao. Lakini marmota husimama mbali, mara nyingi mita 200 au zaidi, na ukimjeruhi tu huingia shimoni kufa kwa mateso. Kwa sababu hiyo bunduki ya kazi hii hudaiwa usahihi kuliko ile ya kuwindia mnyama mkubwa, na mwenye nayo hulazimika kutumia Jumamosi nyingi mezani, akipiga karatasi, kabla hajastahili kumlenga kiumbe chochote.

Risasi yangu ni ile iitwayo .22-250. Asili yake ni risasi nyingine, .250-3000 Savage, iliyotoka mwaka 1915. Mafundi wa majumbani walilibana shingo ganda lake ili lishike kichwa chembamba zaidi, yaani kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha, wakaitumia hivyo kwa miaka mingi bila kiwanda chochote cha risasi kuitengeneza, hadi Remington ilipoiingiza sokoni rasmi mwaka 1965. Kichwa chake kina kipenyo cha milimita 5.7 na uzito usiofika gramu 4, na hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo unaozidi mita 1,100 kwa sekunde. Si risasi inayopendwa na wanamashindano wa kupiga kutoka mezani. Kwa muda mrefu wao waliishikilia .222 Remington ya mwaka 1950, kisha wakahamia 6mm PPC iliyobuniwa miaka ya 1970. Hata hivyo, mwenye subira huweza kupata kwa .22-250 matokeo ya kumridhisha.

Matokeo hupimwa hivi. Unapiga risasi tano ukilenga nukta moja, kisha unapima kwa kipimo cha fundi umbali kati ya kingo za nje za matundu mawili yaliyo mbali zaidi, halafu unatoa kipenyo cha risasi moja, ili upate umbali wa kati kwa kati. Karatasi ya ami ilipimwa milimita 13.2, ukitoa 5.7 zinabaki 7.5. Uwanja wetu hupimwa kwa yadi, na katika yadi 100, ambazo ni mita 91 na kidogo, dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ni sawa na milimita 26.6. Kundi langu lilikuwa chini ya thuluthi moja ya dakika. Tundu lenyewe lilikuwa na kingo zilizochanika kama jani la mkarafuu lililoliwa na mdudu.

Sikufika hapo kwa njia iliyonyooka. Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua vichwa vizito, vya greni 69 (greni moja ni gramu 0.065), kwa kudhani kwamba kizito hakiyumbishwi na upepo. Sikujua kwamba mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu wangu hukizungusha kichwa mara moja tu katika kila inchi 14, na mzunguko huo hautoshi kukituliza kichwa kirefu. Nilipokwenda kuikagua karatasi nilikuta matundu marefu, kila moja na umbo la kokwa ya tende: risasi zilikuwa zimefika ubavu. Nilirudi kwenye vichwa vya greni 55, na kuanzia siku hiyo matundu yakawa ya mviringo.

Kosa la pili linaniuma zaidi. Msimu mzima wa baridi nilibadilisha baruti, fataki zinazoiwasha, maganda na vichwa, nikijaza daftari takwimu, na bado makundi yalikuwa yakitawanyika hadi milimita 40 bila mpangilio. Mnamo Machi mkulima yule aliishika darubini ya bunduki yangu kwa vidole viwili, akaitikisa, nayo ikacheza. Parafujo moja ya msingi wake ilikuwa imelegea. Nilikuwa nimetumia risasi zaidi ya mia tatu kuchunguza parafujo. Tangu hapo, kabla ya kugusa baruti, hukagua kwanza vya bure: parafujo zote, mdomo wa mtutu kama haujagongwa, na kipande cha karatasi nikipitisha baina ya mtutu na mti wa bunduki, ili nihakikishe kwamba mtutu haugusi chochote hadi karibu na shina lake.

Baada ya hapo ndipo kazi ya mezani nyumbani huanza. Maganda yangu ni ya kiwanda kimoja, yamewahi kupigwa katika bunduki hiyohiyo, kwa hiyo yamekwisha kuchukua umbo la chemba yake, yaani sehemu ya mtutu inayopokea ganda, na mimi huyabana shingo tu. Baruti huipima kwa greni, kwenye mizani inayotetereka hata kiyoyozi kikiwashwa. Wakati mwingine hujiona kama sonara wa Chake Chake anayepima kipini, pumzi ameizuia. Kipimo changu sitakiandika, kwa kuwa kilicho salama katika mtutu wangu huenda kikapasua wa mwingine. Kila mtu na aanzie chini katika jedwali la mtengenezaji wa baruti yake. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kina cha kichwa ndani ya ganda, yaani nafasi ambayo kichwa hicho hukiruka kabla ya kukutana na mifuo. Nilikibadilisha kidogokidogo, milimita 0.13 kila mara, bila kugusa kitu kingine, na wastani wa makundi ukashuka kutoka milimita 25 hadi 16.

Upepo ni habari nyingine. Sisi tuliolelewa na kaskazi na kusi tumezoea upepo wenye adabu, unaokuja kwa msimu na kukaa. Upepo wa shamba la soya huvuma kushoto penye meza na kulia penye shabaha, na wa kilomita 16 kwa saa ukipiga ubavuni huisogeza risasi kama sentimita 2 katika yadi 100, umbali unaozidi kundi langu zima. Hivyo husimamisha vijiti vyenye utepe njiani na kungoja vyote vielekee upande mmoja. Jua likiwaka, mazigazi hupanda mbele ya darubini na nukta ikaanza kuogelea. Mtutu ukipata moto, huuacha mpaka niweze kuushika kwa kiganja, nami hunywa chai.

Haya yote nilimweleza ami, naye alisikiliza kwa heshima kubwa kuliko nilivyotarajia. Mwishowe akauliza, "Na zile karatasi nyingine?" Nikamwambia zimo daftarini, makundi 20, na wastani wake ni hizo milimita 16, hii ndiyo bora kuliko zote, na siku ile upepo ulikuwa umelala. Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ya awali, akanirudishia, akasema nikija mwakani nimletee iliyo mbaya kuliko zote, maana hiyo ndiyo ya kutazamwa. Ninayo. Ni ya tarehe 14 Januari, ya parafujo.