Ubuyu wa mama ulivyofika Maskati

Kaka yangu alipotaka kuuza ubuyu wetu nje, alianza na Dubai. Kule watu tele, pesa tele. Mama hakubishana naye. Alikuwa kwenye sufuria, anakoroga sukari na hiliki hadi ivute nyuzi ndipo atie ubuyu. Aliuliza tu: "Huko utafikia kwa nani?"

Hotelini. Wiki mbili, akarudi na zaidi ya nusu ya mzigo. Wenye maduka walionja, wakatema kokwa, wakauliza hii dawa ya nini.

Mara ya pili akaenda Maskati, Omani, kwa khaloo, dada yake mama, mtaa wa Al Khoudh. Jioni ukipita kule utasikia Kiswahili ukadhani upo Mchangani, Unguja mjini. Wengi walikimbia kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultani Qaboos wa Omani aliposhika utawala 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje warudi. Waliozaliwa huku wakenda na lugha yao, na urojo wao, na mkate wa kumimina. (Zamani Seyyid Said, Sultani wa Omani, aliihama Maskati akaja kukaa Unguja, biashara ikamnogea, sisi tunaifuata njia ile ile kinyumenyume, na mifuko ya ubuyu.)

Khaloo hakubandika tangazo popote. Aliweka ubuyu kwenye sahani, akaita majirani waje kunywa chai. Bibi mmoja alimung'unya kokwa moja muda mrefu, kimya, hata ikabaki tupu. Kisha akasema: "Pilipili mmeibania." Zile kilo ishirini hazikufika siku ya tatu.

Mzigo wa Juni ndio uliotutia adabu. Joto la kule liliyeyusha sukari, ubuyu ukagandana ukawa bonge moja, khaloo akauvunja kwa mchi. Siku hizi tunaukausha zaidi kabla ya kufunga.

Kaka anajisifu kapata soko. Mimi naona kampata khaloo. Waomani wasio na asili ya huku hawanunui, na wajukuu wa wale mabibi wanataka ubuyu usio na pilipili kabisa, jambo ambalo mama analiona ni matusi.

Sasa kaka anazungumzia London. Mama hajauliza nauli. Tangu juzi anatafuta namba ya simu ya binti wa jirani yetu wa zamani, aliyeolewa huko.