Alikuwa kwangu

Jana nimelipa tena kodi ya miezi sita, mama mwenye nyumba akaandika kwenye daftari lake, nikarudi chumbani nikakaa tu kitandani. Nikaona niandike maana hii kitu nimekaa nayo muda mrefu.

Mi nilikuja Dar mwaka 2019 kutoka Singida, basi likanishusha Ubungo, enzi hizo stendi bado iko pale haijahamia Mbezi, mkononi nina namba ya jamaa wa kwetu aliyesema nikifika nimpigie, nimepiga mpaka salio limeisha hapatikani. Nikalala stendi siku tatu, ya nne nikafuatana na vijana wanaoenda kubeba mizigo Kariakoo na huko ndo nikakaa miaka miwili na kitu.

Kariakoo sehemu nzuri ya kulala ilikuwa chini ya meza za wamachinga. Ukipita mchana huwezi kujua. Jioni mwenye meza anafunika bidhaa zake kwa turubai anakaza kamba, mi naingia chini na boksi langu, yeye ana uhakika hakuna wa kuchana turubai na mi nina paa, hatudaiani. Boksi zuri ni la friji, gumu na refu, miguu haitoki nje, ya sabuni yakipata maji kidogo tu yameisha. Sasa mwezi wa kumi 2021 wamachinga wakaondolewa barabarani, meza zikavunjwa, kila redio inajadili wale wafanyabiashara wataenda wapi na ilikuwa haki yao kabisa wajadiliwe, ila sikusikia hata mtu mmoja akituulizia sisi tuliokuwa chini ya zile meza, na mvua za vuli ndo hizo zinaanza. Tukahamia vibaraza vya maduka. Mlinzi anataka buku kwa usiku, huna, unaamshwa kwa rungu.

Watu huwa wananiuliza, si ulikuwa unasukuma guta, siku nzuri unapata mpaka elfu kumi, chumba cha elfu 40 kilikushindaje? Jamani chumba sio elfu 40. Chumba ni miezi sita, yaani laki mbili na arobaini, na dalali naye anataka mwezi wake, jumla 280,000 taslimu kwa mpigo. Na hela ya mtu anayelala nje haikai, ukilala nayo unaamka haipo. Kwenye simu nayo siwezi kuweka maana laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na fomu ya NIDA inataka muhuri wa serikali ya mtaa, mi mtaa wangu ni upi?

Aliyenitoa ni mama lishe mmoja niliyekuwa nakula kwake. Siku hiyo nimemaliza sahani nikamuomba, mama naomba niwe nakuwekesha elfu tatu kila siku. Akaniangalia weee, akasema, "Sawa mwanangu, ila siku ukikosa usinidanganye, niambie tu sina." Akawa anachora vijistari nyuma ya kalenda, elfu tatu kistari kimoja. Tulianza mwezi wa kumi na moja, tukamaliza mwezi wa tatu masika yanaingia.

Kwenda kuangalia chumba Manzese akasema tunaenda wote. Mama mwenye nyumba kaniuliza, "Ulikuwa umepanga wapi baba?" Nikakwama kabisa. Mama lishe akajibu haraka, "Alikuwa kwangu, huyu mwanangu."

Hapo mpaka leo nikikumbuka machozi yananilenga.

Usiku wa kwanza nina mkeka na khanga aliyonipa ya kuziba dirisha. Nikafunga komeo, nikafungua, nikafunga tena. Nikalala na viatu, mgongo nimeuegemeza mlangoni, maana hela nimezoea kuiweka kwenye kiatu na mwili haukubali kuvivua. Saa kumi alfajiri nikashtuka kama kawaida yangu, nikakunja mkeka, nikasimama nao kwapani nataka kutoka, nikiwa nimeshashika komeo ndo nakumbuka hakuna anayekuja kunifukuza. Nikautandika upya. Kuvua viatu nikilala ilinichukua kama wiki tatu, na godoro la inchi nne nilinunua mwezi uliofuata.

Fomu ya NIDA nilijaza mwaka huohuo, mjumbe alinijua, mtaa ukagonga muhuri, laini sasa ni ya jina langu.

Kuna wadogo zangu wawili wa pale kibarazani wananiwekesha mi sasa hivi, elfu mbili mbili, vijistari nachora nyuma ya mlango. Mmoja zimetimia. Jumapili tunaenda kuangalia chumba Tandale, nimemwambia avae lile shati langu la bluu, na mwenye nyumba akiuliza alikuwa anakaa wapi, asijibu yeye, nitajibu mi.