Siku ya 21 si ya kila mwanamke

Harusi imefanywa Mfungo Mosi. Ikifika Mfungo Sita, wageni wa Maulidi wanaposhuka Lamu, bi harusi tayari anaitwa tasa. Ni mapema mno. Daktari huhesabu miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi 6 kwa aliyepita umri wa miaka 35. Asiyengoja ni yule ambaye hedhi yake haina mpango.

Mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Ukizidi hapo, au hedhi ikipotea miezi mitatu bila mimba, huenda ovari, kiungo kinachotunza mayai ya mwanamke, haitoi yai. Sababu iliyozoeleka zaidi ni PCOS, hitilafu ya homoni za mwanamke: homoni za kiume huzidi, chunusi na ndevu hutokea, na kwenye picha ovari huonekana zimejaa vifuko vidogo. Vifuko hivyo vina mayai yaliyokwama kabla ya kupevuka. Si uvimbe wa kukatwa, na anayeambiwa apasuliwe kwa sababu hiyo tu aulize tena. Mwenye uzito uliozidi, akiwa na kilo 80, kupunguza kilo 4 hadi 8 huweza kurudisha hedhi. Pia kuna letrozoli, vidonge vya siku tano mwanzoni mwa mzunguko, ila vinataka usimamizi wa daktari.

Sasa kosa linalowaliza wengi bure. Damu ya kupima projesteroni, homoni inayothibitisha kuwa yai limetoka, huchukuliwa siku 7 kabla ya hedhi ijayo. Kwa mzunguko wa siku 28, hiyo ni siku ya 21. Kwa mzunguko wa siku 35 ni siku ya 28. Huyu wa siku 35 akipimwa siku ya 21, yai ndiyo kwanza linatoka, majibu yanashuka, na mama wa watu anarudi nyumbani ameambiwa hana mayai. Hesabu kurudi nyuma! Kama hedhi haitabiriki, kipimo hurudiwa kila wiki mpaka damu ije.

Hedhi ikikatika kabla ya miaka 40, pamoja na joto la ghafla na jasho la usiku, huenda ovari zimechoka mapema, huyo asicheleweshwe.

Na mume apimwe wiki hiyohiyo. Ajizuie siku 2 hadi 7, kisha manii yafike maabara ndani ya saa moja, kikopo kikiwa karibu na mwili kisipoe. Atokaye kisiwa cha Pate atoe hapohapo hospitalini, maana boti haitamwahisha.