Upande A wa dakika 45

"Mbona huku wimbo unaendelea?"

Binti aliuliza juzi, simu mkononi. Wimbo ule ameuzoea kwenye kanda ya zamani, ambako unafifia na kuisha kwenye kiitikio cha tatu. Kwenye simu ulikipita kiitikio cha tatu, ukaingia cha nne, ukajiongezea zaidi ya sekunde 50. Kwake yeye, simu ndiyo iliyokosea.

Kanda yenyewe ni C90, nyimbo tupu za miaka ya themanini, iliyorekodiwa muongo ukiwa umeshapita na watu wameanza kuuita zamani. Usiku wa kuirekodi ulikuwa wa hesabu na usafi tu, isipokuwa zile sekunde za mwisho za upande A.

Hesabu kwanza. C90 maana yake dakika 45 kila upande, yaani sekunde 2,700. Mkanda hupita kwenye deki, mashine ya kupigia na kurekodia kaseti, kwa sentimita 4.76 kila sekunde, kwa hiyo mle ndani mmezungushwa mita 130 hivi. Viwanda vingi huongeza kidogo, nusu dakika au zaidi, lakini ziada hiyo haiandikwi popote na hutofautiana kanda kwa kanda. Halafu kuna kipande cha plastiki isiyorekodi mwanzoni, sekunde 5 hadi 7, ambacho lazima ukivuke kabla hujabonyeza chochote, la sivyo neno la kwanza la wimbo wa kwanza linamezwa. Nilikivusha kwa kalamu ya biro yenye pembe sita, ile inayoingia vizuri kwenye meno ya kaseti. Nyimbo 11 za dakika 4, ukiacha sekunde 4 kati ya wimbo na wimbo, zinakula dakika 44 na sekunde 40. Hapo umebaki na sekunde 20 za kujidai, na deki inayokimbia kwa asilimia moja tu zaidi inakunyang'anya sekunde 27. Sikio halitagundua, maana nusu toni ni kama asilimia 6. Mkanda utagundua.

Kwa nini si C120? Kwa sababu mkanda wake ni mwembamba mno, kama maikroni 9 dhidi ya 12 za C90. Unanyooka, unakunjamana, na deki yenye kigurudumu kichafu inaula. C60 ndiyo imara kuliko zote, lakini muongo mzima ndani ya saa moja ni uonevu.

Kuchagua nyimbo kulichukua muda mrefu kuliko kurekodi, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye miaka. Orodha ya kwanza daima huwa mara tatu au nne ya nafasi iliyopo. Kanuni zilizosaidia zilikuwa mbili. Msanii mmoja, wimbo mmoja, hata kama roho inauma. Na mwaka uangaliwe kwenye jalada, si kichwani. Kwenye santuri na CD kuna alama mbili zinazochanganywa sana: herufi P ndani ya duara ni haki ya sauti iliyorekodiwa, herufi C ndani ya duara ni haki ya jalada na maandishi. Kwenye CD ya mkusanyiko iliyochapwa mwaka 1992, C itasema 1992, na ukitaka mwaka wa wimbo utafute P, tena ile iliyoandikwa kando ya wimbo huo mmoja mmoja. Pale ambapo P nayo ni mpya mno, shuku. Mikusanyiko ya bei rahisi ilijaa vibao vilivyorekodiwa upya miaka mingi baadaye na waimbaji walewale, au na mmoja tu aliyebaki kwenye kundi. Jina ni lilelile, ngoma si ileile, na sauti ya mwimbaji imeshuka. Ukiona muda wa wimbo umetofautiana kwa sekunde 15 na ule unaoujua, usinunue.

Kuna pia suala la toleo. Miaka ile wimbo mmoja ungeweza kutoka kwa urefu wa aina tatu: santuri ndogo ya inchi 7, dakika 4 hivi, toleo la albamu, labda 5, na santuri ya inchi 12, dakika 6 hadi 8, yenye ngoma peke yake mwanzoni kwa ajili ya kumbi za dansi. Toleo refu moja likiingia, wimbo mwingine mzima unatoka. Niliruhusu moja, kwenye upande A, na hiyo ndiyo sababu ya kilichotokea mwishoni.

Usafi sasa. Pamba ya kijitini, spiriti kali isiyo na mafuta, ile inayouzwa ikiwa asilimia 90 na zaidi. Futa kichwa cha kurekodi, futa kichwa cha kufutia, futa kijiti cha chuma kinachouvuta mkanda. Vumbi la kahawia linalotoka ni oksidi ya chuma iliyobanduka kwenye kanda zilizopita. Likijaa kwenye kichwa, sauti kali hupotea kwanza, na wimbo unasikika umefunikwa blanketi. Kigurudumu cha mpira kinataka maji na tone la sabuni, kwa kuwa spiriti hukausha mpira, na mpira mkavu huteleza. Ukiteleza, mkanda unalegea upande mmoja na kujifunga kwenye kijiti. Ndipo watu husema redio imekula kanda. Kabla ya kurekodi kanda mpya niliipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili mkanda ulegee na ujipange sawasawa.

Kiwango cha sauti kina mitego zaidi. Nyimbo zangu zilitoka sehemu mbalimbali: santuri, CD za mwanzo, CD zilizochapwa upya. CD zilianza kuuzwa mwaka 1982, na zile za mwanzo ziko chini kwa sauti. Matoleo yaliyosafishwa baadaye yamepandishwa sana. Ukiziweka mfululizo bila kugusa kitu, msikilizaji anaruka kitini. Njia ni kutafuta sehemu yenye kelele kuliko zote katika wimbo wenye kelele kuliko zote, kuiweka hiyo ipande kidogo tu juu ya sifuri kwenye kipimo, kisha nyimbo nyingine zote zipimwe kwa sikio dhidi ya huo. Kwa sikio, narudia. Sindano ya kipimo huruka kwa kila pigo la ngoma, kwa hiyo wimbo wenye ngoma kali na sauti nyembamba utaonekana mkubwa kwenye kipimo na mdogo kwenye spika. Redio kaseti za kawaida hazina hata kipimo, zinajirekebisha zenyewe. Wimbo unaoanza kimyakimya hupandishwa pamoja na mvumo wake, na ngoma ikiingia kila kitu kinadidimia ghafla. Hakuna dawa ya hilo zaidi ya kuazima deki.

Dolby B niliiwasha. Inapunguza mvumo kwa desibeli 10 hivi kwenye sauti za juu, ila ni lazima iwashwe tena wakati wa kusikiliza. Kanda iliyorekodiwa nayo ikipigwa bila hiyo inachoma masikio. Iliyorekodiwa bila hiyo ikipigwa nayo inafifia.

Mpangilio nitaupita haraka, kila mtu ana imani yake. Ila kwa muongo ule kuna jambo moja la kuangalia: sauti zenyewe zilibadilika katikati. Wimbo wa mwaka 1981 bado una piano halisi na gitaa la besi la mtu. Kinanda cha Yamaha DX7 kilitoka mwaka 1983, na kuanzia hapo kengele zake na piano yake ya kioo zimo kila mahali, huku pigo la ngoma likilipuka na mwangwi wake kukatwa ghafla. Kuweka 1981 mara tu baada ya 1986 kunaufanya ule wa kwanza uonekane maskini, nao si maskini. Niliweka wimbo wa sauti tupu na gitaa katikati yao.

Sasa mwisho wa upande A. Nyimbo tisa zilikuwa ndani, pamoja na lile toleo refu. Kwa mujibu wa daftari ilibaki nafasi ya dakika 3 na sekunde 40, na wimbo wa kumi ulikuwa dakika 4 na sekunde 20. Ulikuwepo mwingine mfupi wa kuuziba ule mwanya, na wala haukuwa mbaya. Lakini huu wa kumi, kama nyingi za wakati ule, uliishia kwa kufifia: hauna mwisho, unarudia kiitikio mpaka fundi wa studio aushushe. Nikafikiri, kama studio waliushusha kwa mkono, na mimi nina mkono.

Nilibonyeza kurekodi na pozi pamoja. Nikaweka sindano kwenye santuri, nikasubiri mkwaruzo wa mfereji wa kuingilia, nikaachia pozi nusu sekunde kabla ya pigo la kwanza. Pozi, si kitufe cha kusimamisha, maana kile huacha mlio wa "tok" unaosikika milele. Halafu nikaangalia kidirisha cha kaseti. Namba za kaunta hazisaidii hapo: kwenye deki nyingi zinahesabu mizunguko ya gurudumu, si sekunde, na mizunguko haiendi sawa na muda. Magurudumu yenyewe ndiyo yanayosema. La kulia, limejaa, linazunguka kivivu. La kushoto, limebakiwa na utepe mwembamba, linazunguka mara mbili ya mwenzake na zaidi, na linaongeza mwendo. Ukianza kuona plastiki ya katikati kupitia mkanda, huna muda.

Wimbo ulikuwa na mapigo 120 kwa dakika. Mapigo 32 ni sekunde 16, na kushusha sauti lazima kuanze pale fungu la muziki linapoanza, si katikati ya sentensi ya mwimbaji. Nilianza baada ya dakika 3 na sekunde 12. Deki ile ilikuwa na vinobu viwili vya kurekodi, kimoja ndani ya kingine, kushoto na kulia; ukigeuza kimoja kikatangulia, muziki unahamia spika moja kama mtu anayetoka kwa mlango wa pembeni. Vidole vinne kwenye vyote viwili. Pia havishuki sawasawa: robo ya kwanza ya mzunguko haifanyi kitu kikubwa, robo ya mwisho inameza kila kitu. Kwa hiyo polepole, polepole sana, hadi pigo la 20. Halafu mkono unalegea na kuuachia wimbo uende. Mwimbaji alikuwa katikati ya kiitikio cha tatu, neno lake la mwisho likabaki nusu. Sindano zikalala. Sikusimamisha. Deki ikaendelea kurekodi ukimya, kwa kuwa bila hivyo mkia wa upande ungebaki na mvumo wa aina nyingine, nami nikaendelea kutazama gurudumu la kushoto hadi likasimama lenyewe, na kitufe kikaruka juu.

Upande B haukuwa na shida. Nyimbo 11, hakuna toleo refu, mwanya wa sekunde 15.

Kisha mambo madogo: kuvunja vijino vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili asije mtu akarekodi juu yake. Ukiitazama upande A, kijino chake kiko kushoto. Ukijuta baadaye unaziba tundu kwa utepe wa gundi, lakini kwenye kanda za kromu kuna tundu jingine jirani linaloiambia deki aina ya mkanda. Ukiziba na hilo, deki itadhani ni kanda ya kawaida. Na kanda usiiweke juu ya spika, ndani mna sumaku.

Kwenye simu hakuna hata moja ya haya. Kuna mambo mengine. Programu huonyesha mwaka wa toleo, na wimbo wa 1984 unaweza kuandikwa 2009 kwa sababu ulisafishwa upya, kwa hiyo ukiiachia ikupangie kwa mwaka utapata muongo wenye mashimo. Kusawazisha sauti iwashwe. Kuchanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine kuzimwe, isipokuwa nyimbo zote ziwe za kufifia. Na nafasi haiishi, jambo ambalo sijui kama ni neema. Orodha niliyoitengeneza huko imefika urefu wa saa saba na bado naongeza; humo zimo na zile takataka ambazo redio za muongo ule zilizipiga mchana kutwa, na labda ndiyo picha ya kweli zaidi ya miaka ile kuliko kanda yangu. Kanda imechujwa mno. Nusu ya kilichochuja ni ladha, na nusu ni urefu wa mkanda, na siku hizi siwezi kuzitenganisha.

Kuna moja tu ambayo wajuzi watainyooshea kidole, wimbo wa nne upande B. Alama ya P inasema 1979. Lakini ulipigwa mwaka 1980 wote, na wapo wanaoapa kwamba hata 1980 yenyewe ni ya muongo uliotangulia, kwa kuwa hesabu ya miaka ilianzia 1 na si 0. Wao waanze kwa kuziondoa nyimbo za 1980 kwenye orodha zao, halafu tutazungumza kuhusu wangu.