Nokia N93 ilivyoiokoa sendofu ya dada

Mwaka 2006 ndo ule wa mgao mkali wa umeme, maji yamekauka bwawa la umeme la Mtera na Dar nzima jenereta zinaunguruma toka asubuhi. Sendofu ya dada yangu, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ikaangukia hapohapo katikati, mwezi wa tisa, ukumbi uko Sinza, kamati imehangaika na michango mpaka hela ya dizeli imepatikana, MC kalipwa, ndafu iko tayari, halafu jioni inafika yule mtu wa video tuliyempa advansi hapokei simu. Saa mbili usiku upande wa bwana harusi washaingia na mama kila akipita ananiuliza kamera iko wapi, na mimi sina jibu.

Mjomba alikuwa kaja wiki hiyo kutoka Uingereza na mfukoni ana Nokia N93, mpya, ndo imetoka miezi michache nyuma. Enzi zile Nokia walikuwa hawaogopi kitu, nilishaona 3650 yenye namba zimepangwa duara, nilishaona N-Gage unayoongea nayo umeisimamisha kwa ubavu sikioni, na ile 7280 nyembamba ndefu haina batani za namba kabisa. Ila N93 ilikuwa habari nyingine. Ukiifunga ni kama tofali, gramu 180, ukiifunua ni simu ya kukunja ya kawaida, halafu ukiifunua nusu ukakigeuza kioo kije pembeni inakuwa kamera ya video kabisa, unaishika kwa kiganja kimoja, lenzi inatazama mbele kutoka kwenye bawaba, batani ya kurekodi na ya zumu ziko palepale vidole vinapofika. Lenzi Carl Zeiss, megapikseli 3.2, na zumu ni ya kweli ya mara 3, yani vioo vinatembea ndani ya lenzi, sio ile ya kuivuta picha mpaka inakuwa vibox vibox. Ndo maana ikawa nene vile, vioo vinavyotembea vinataka nafasi, na mimi hata leo nikiambiwa nichague kati ya simu nyembamba na zumu ya namna ile nachukua unene bila kufikiria.

Mjomba akanipa. "Wewe ndo mrefu, simama nyuma, achana na picha, chukua video tu."

Sasa kadi iliyokuwa ndani ni miniSD ya 1GB, na ile simu inarekodi pikseli 640 kwa 480, fremu 30 kwa sekunde, kwa wakati ule ni kitu kikubwa sana kwenye simu, lakini kwa ubora huo kadi haikupi hata saa nzima na sendofu ni ya masaa manne matano. Ikabidi nianze kubagua. Hotuba ya mwenyekiti wa kamati nikachukua kipande tu, kukata keki nikachukua, chakula sikugusa. Jasho linanitoka maana kila nikiacha kitu najua hakitajirudia.

Ikafika ile sehemu dada anaambiwa akamtafute mwenzake ukumbini. Muziki umewekwa, yeye anacheza anapita meza kwa meza, jamaa amejificha huko nyuma karibu na mlango kajiinamia katikati ya wajomba zake, na mimi niko upande wa pili kabisa, nikavuta zumu nikampata, yani anaonekana anacheka kajiziba mdomo, na dada bado yuko mbali hajui. Nikiwa hapohapo simu ikaita. Ni simu jamani, mjomba ana laini ya hapa na watu wana namba yake, ilivyoita tu rekodi ikakatika. Nikakata, nikaanzisha tena, mikono inatetemeka, nikamkuta dada ndo anamfikia. Zile hatua za katikati hazipo. Mjomba akaja mbio akaiweka oflaini na toka hapo haikuita tena.

Kipande kirefu kuliko vyote nikakiweka kwa baba anavyomuusia binti yake. Baba si mtu wa maneno mengi, usiku ule aliongea, na taa za jenereta zilikuwa hafifu mpaka video ina chengachenga, lakini sauti imeingia vizuri, kila neno linasikika.

Kesho yake zamu yetu ya umeme ilikuwa usiku, ukoo mzima ukajazana sebuleni, mjomba akachomeka simu kwenye TV kwa waya wake. Mama akarudisha pale kwa baba, tukaangalia, akarudisha tena, baba mwenyewe akatoka nje.

Kijana mmoja wa studio akatugeuzia iwe VCD na kutuchomea kopi, moja ikapanda basi kwenda Moshi kwa bibi ambaye miguu haikumruhusu kusafiri, nyingine tukawapelekea upande wa bwana harusi. Wao hawakuuliza zile hatua zilizokatika, walichoomba ni kopi zaidi, kwa ajili ya pale kijana wao amejificha kwa wajomba.