Mombasa Kila Chakula Kina Saa Yake

Mombasa nakwenda kwa ajili ya kanga. Natoka Moshi, navuka mpaka pale Holili, basi linapita Taveta na Voi, na likinishusha Mwembe Tayari ninakuwa nimechoka, nina njaa na nywele zimejaa vumbi. Siku zinazofuata nashinda Barabara ya Biashara nikifunua doti, nikibishana bei na kufunga mzigo. Kazi hiyo haifanyiki kwa soda na biskuti. Na pale gesti nilipofikia mwanzoni, chakula kilikuwa wali uliopoa na kuku asiye na ladha, kwa bei ambayo nyumbani ningelisha watu wanne. Ikabidi nitafute mwenyewe.

Simu haikunisaidia sana. Ramani ilinipeleka kwenye mahoteli ya Nyali, ng'ambo ya daraja, na kwenye mikahawa iliyo jirani na Fort Jesus, yenye menyu za Kizungu na picha za kamba. Siyo kwamba ni mibaya. Ni kwamba wapishi wengi niliowapenda baadaye hawana hata kibao. Wana meza, jiko, karai, na saa mbili tatu za kuuza. Ukipita baada ya hapo unakuta ukuta mtupu na paka. Ramani itamjuaje mtu wa namna hiyo?

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja muuza viungo kule Marikiti. Nilikuwa nachagua iliki za kumpelekea mama mkwe, nikamuuliza nitapata wapi biriani nzuri.

"Wataka kula saa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia sasa hivi. Ilikuwa saa kumi jioni.

"Saa hizi hiyo ni mabaki, mwanangu. Saa hizi ngoja viazi."

Kisha, huku akinipimia iliki, akaanza kunieleza nani anapika nini. Watu hawa wote wananunua kwake. Kuna mama wa pilau ambaye hachukui bizari iliyosagwa hata umpunguzie bei. Anataka nzima, anaisaga mwenyewe asubuhi ya siku ya kupika. Kuna mwingine ambaye zamani alikuwa akichukua mdalasini mwingi na sasa anachukua kidogo, na mzee akakunja mdomo bila kusema zaidi. Nikaelewa. Tangu siku hiyo, nikifika mji wowote naanza kwa muuza viungo, na swali langu limebadilika. Siulizi tena "wapi kuna chakula kizuri?" Nauliza: saa hizi watu wa hapa wanakula nini, na nani anakipika?

Asubuhi jibu ni mahamri na mbaazi, wala hakuna mjadala. Nilielekezwa kwenye kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, ambako mama mmoja hukaanga barazani kwake. Nilifika mapema, nikakuta watoto wamepanga foleni, kila mmoja na bakuli au hotipoti aliyotumwa nayo na mama yake. Foleni hiyo naiamini kuliko nyota zote za kwenye simu. Mwanamke wa Mombasa anajua kukaanga mahamri; akiona bora amtume mtoto akanunue, basi anayemuuzia anayajua zaidi, au angalau hamharibii asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mangapi?"

"Matatu, na mbaazi."

"Chombo hukuja nacho?"

Sikuwa nacho. Akanitolea sahani yake ya ndani, akanionyesha pa kukaa. Nikamwangalia anavyofanya kazi: anatupa kipande cha pembetatu kwenye mafuta, kinazama, kinapanda, naye anakimwagia mafuta ya moto juu kwa kijiko mpaka kivimbe kama mto, ndipo anakigeuza, mara moja tu. Ukilipasua hamri ndani ni tupu, na mvuke wake una harufu ya iliki na tui. Mbaazi zilikuwa zimeiva mpaka nyingine zimevunjika na kuufanya mchuzi uwe mzito. Kabla ya saa tatu karai lilikuwa limeinuliwa.

Adhuhuri mimi huwa dukani, kwa hiyo nakula chochote kilicho karibu: wali wa nazi, maharage, samaki kipande. Ijumaa ndiyo tofauti. Maduka mengi ya Waislamu yanafungwa kwa ajili ya swala, na mimi mwenyewe nabaki sina kazi. Hiyo ndiyo siku ya kuiuliza biriani. Ya Mombasa wali wake unapikwa mbali na rojo la nyama, wali ukiwa na punje za njano na nyeupe, na vitunguu vya kukaanga vikavu juu. Ukionja lile rojo peke yake utajua kama mpishi alikuwa na haraka, kwa sababu vitunguu visivyokaangwa vya kutosha huliacha na utamu wa maji. Usichelewe. Anayekuambia "imekwisha" mchana mapema, rudi kwake Ijumaa nyingine. Anayekuwa nayo mpaka usiku, mimi simpangii foleni tena.

Kuanzia alasiri mji unahamia kwenye karai. Viazi vinachemshwa, vinachovywa kwenye unga uliotiwa rangi na chumvi, vinakaangwa, unapewa na chatne ya ukwaju. Kwangu mimi kipimo ni chatne. Kiazi karai kila mtu anaweza. Ukwaju wa maji maji unakuambia muuzaji anabana matumizi. Jioni yenyewe nakwenda Mama Ngina, pale ufukweni, napata mhogo uliopasuliwa na kupakwa chumvi, ndimu na pilipili, na dafu la kushushia. Meli za kwenda Kilindini zinapita karibu mpaka unaona mabaharia. Familia zimejaa, watoto wanakimbia, na mwanamke aliye peke yake hakuna anayemshangaa.

Hilo nalisema kwa makusudi, maana ushauri mwingi wa kula ugenini unaandikwa na wanaume. Kahawa ya barazani, ile inayomiminwa kutoka kwenye dele lenye makaa, ni nzuri sana na kashata kidogo, lakini mabaraza yale ni ya wazee na vijana wa kiume. Hakuna aliyenifukuza. Nilinunua, nikanywa nimesimama pembeni, nikashukuru nikaondoka. Usiku pia nachagua: mishkaki ya barabarani naila pale tu penye taa na wanawake wengine, la sivyo nakwenda Tarboush, barabara ya Makadara, ambako moshi wa makaa uko nje na familia zimekaa kwenye meza hadi usiku. Si siri ya mtu, kila tuktuk anapajua. Sioni aibu kula panapojulikana ikiwa panapika vizuri.

Madereva wa tuktuk nao nimewauliza sana, ila kwa namna yangu. Ukimuuliza "nipeleke hoteli nzuri", atakupeleka anakodhani mgeni atapapenda, au anakopewa chochote. Namuuliza yeye leo amekula nini na alikula wapi. Mmoja alinijibu kwamba alikula kwa mama yake, Kisauni, na mama hauzi.

Ukienda Ramadhani, saa zote hizi zinageuka. Mchana Mji wa Kale hupati kitu, na usitegemee. Halafu karibu na Magharibi meza zinatoka nje kwa mkupuo: sambusa, kaimati, bajia, tende, na shurba, ile supu nzito ya ngano na nyama, kwenye masufuria makubwa. Nikiweza kuchagua, sasa nachagua safari iangukie mwezi huo. Barabara ya Biashara inajaa watu wanaonunua vya Idi, kwenye kanga nabanwa bei, na bado nakwenda.