Siku ya kuuza si siku ya kudai: nilivyonadi kitabu changu sambamba na kampeni dhidi ya umaskini

Kitabu changu kinaeleza jinsi deni la nchi linavyofika hadi kwenye sufuria ya mama wa kijijini. Nilikitoa nikiwa tayari ndani ya kampeni, na swali lililonisumbua kuliko uandishi wenyewe lilikuwa moja: nitakinadi vipi bila umaskini wa wengine kugeuka bidhaa yangu? Nikaamua kutenganisha. Siku ya kuuza si siku ya kudai, fedha ya kitabu haigusani na fedha ya kampeni, na anayekaa kwenye meza ya mauzo siye anayekwenda kuzungumza na diwani.

Nilianza na kalenda, maana hapo ndipo wengi hukosea. Juni huvutia: bajeti inasomwa na kila redio inazungumzia fedha za serikali. Lakini Juni mambo yameshafungwa. Mwaka wa fedha wa Tanzania unaanza 1 Julai, Bunge la bajeti huanza Aprili, na kabla ya hapo halmashauri zimeshapitisha makadirio yao. Vijiji navyo huibua vipaumbele mapema zaidi, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Anayetaka kitabu kisukume jambo aingie nacho Oktoba, kabla vipaumbele havijaandikwa.

Oktoba ina jambo jingine. Tarehe 17 ni Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Umaskini. Ilianzia Paris mwaka 1987, pale Padri Joseph Wresinski alipokusanya watu wapatao 100,000 katika uwanja wa Trocadéro na kuzindua jiwe la kuwakumbuka wahanga wa umaskini uliokithiri. Umoja wa Mataifa ukaitambua rasmi mwaka 1992. Kiini cha siku hiyo ni kwamba anayeishi katika umaskini ndiye anayeshika kipaza sauti. Kwa hiyo uzinduzi niliuweka Jumamosi iliyotangulia. Tarehe 17 yenyewe hapakuwa na meza ya vitabu, bango la jalada, wala bei kutajwa jukwaani. Kuna waliosema napoteza wanunuzi. Kwa maoni yangu, mkutano ambao mama wa ntilie anaeleza namna mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ulivyomla, kisha mwandishi anasimama kuuza kitabu, umeshaharibika.

Uchapaji ulitaka uangalifu kuliko nilivyodhani. Nilichagua ukubwa wa A5, karatasi ya ndani gramu 80, jalada gramu 300, nakala 500. Kurasa huchapwa kwa mafungu ya 16, hivyo muswada wa kurasa 163 unakuwa kitabu cha kurasa 176, na kurasa 13 tupu unazilipia. Nilipunguza kurasa tatu nikabaki na 160 kamili. Cha pili ni nyuzi za karatasi. Lazima zilale sambamba na mgongo wa kitabu. Zikikata mgongo, kitabu kinagoma kufunguka na gundi inaachia mapema, hasa kwenye joto la pwani. Mwombe mchapaji kitabu cha mfano, kisha chana karatasi moja ya ndani kutoka juu kwenda chini. Mpasuko ukienda moja kwa moja, nyuzi zimelala vizuri. Ukipinda kila mara, usisaini chochote. Namba ya ISBN nayo, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inayotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, iombe kabla jalada halijakamilika, kwa sababu msimbo wake unakaa nyuma ya jalada na hauwezi kubandikwa baadaye bila kuonekana kiraka.

Sasa takwimu. Hizi ndizo zinazokizeesha kitabu cha umaskini haraka kuliko kingine chochote. Mstari wa umaskini uliokithiri wa Benki ya Dunia ulikuwa dola 1.90 kwa mtu kwa siku, ukawa 2.15 Septemba 2022, ukawa 3.00 Juni 2025. Mwandishi aliyechapa 1.90 bila kutaja mwaka ataumbuliwa na mwanafunzi yeyote wa uchumi, na hoja yake nzuri itaanguka pamoja na namba hiyo. Tena dola hizo si za dukani kwa mbadilisha fedha. Zinapimwa kwa uwezo wa kununua, yaani kile ambacho dola 3 zingenunua Marekani kwa bei za mwaka 2021. Ukizizidisha kwa kiwango cha leo cha shilingi unapata jibu lisilo sahihi, na kosa hili nimelikuta kwenye machapisho ya watu makini kabisa.

Njia yangu ilikuwa kuacha ndani ya kitabu yale ambayo hayabadiliki, kisha takwimu za sasa nikaziweka kwenye karatasi moja ya kuchomeka, yenye mwezi na mwaka juu yake, inayochapwa upya kila inapohitajika. Yasiyobadilika ni mengi na yana nguvu. Tarehe 16 Mei 1998, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya Birmingham, Uingereza, wakati wakuu wa nchi tajiri wakikutana, kudai madeni ya nchi maskini yafutwe. Saini zilizokusanywa duniani na kampeni ile zilifika milioni 24. Tanzania ilikamilisha masharti ya msamaha wa madeni Novemba 2001, na mwaka uliofuata MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ukaanza, shule za msingi zikiwa hazitozi ada. Msomaji aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002 anajikuta humo, na sura hiyo ndiyo niliyoisoma kila nilipopewa dakika tano.

Redio za jamii ndizo zilizouza. Wiki moja kabla ya kipindi nilipeleka vitu viwili: nakala yenye vipande vya karatasi kwenye kurasa tatu tu, na ukurasa mmoja wenye maswali matano. Mtangazaji ana vipindi vingi, kitabu kizima hatakisoma. Ukimwachia atafute mwenyewe, atakuuliza ulipata wapi wazo la kuandika, na dakika kumi zitaondoka hivyo. Bei niliitaja mara moja, mwishoni, pamoja na jina la duka lililo karibu na wasikilizaji wale.

Mezani niliweka bei ya shilingi 10,000, noti moja, bila kusumbuana na chenji. Lipa namba ya kitabu ilikuwa moja na ya michango ya kampeni nyingine, kila moja kwenye kibao chake, rangi tofauti. Fedha zikichanganyika siku ya kwanza hutaweza kuzitenganisha tena, na mtu akiuliza mchango wake umekwenda wapi, daftari halitakuwa na jibu. Maduka yanayochukua vitabu kwa mali kauli huomba sehemu kubwa, mara nyingi asilimia 30 hadi 40 ya bei ya jalada, kwa hiyo piga hesabu ya gharama ya nakala kwanza. Gharama ikipita nusu ya bei, duka litakula sehemu kubwa ya faida.

Kwenye ofisi za umma utaratibu ulikuwa tofauti. Hatukumpa kiongozi nakala mkononi siku tunayokwenda kumwomba uamuzi. Inafanana na zawadi, na inamweka yeye pabaya. Nakala iligongwa muhuri wa "Haiuzwi" na kukabidhiwa masjala kwa barua, iwe mali ya ofisi. Kikao chenyewe kilibeba ombi moja tu. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarejea 2024, na wengi bado wanaamini imekufa. Tuliomba majina ya vikundi vilivyopata na kiasi walichopata yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata. Ombi la namna hiyo diwani anaweza kulijibu ndiyo au hapana akiwa amekaa. Ukimwomba "aunge mkono vita dhidi ya umaskini" atakubali palepale, na hakuna kitakachotokea.

Maneno ya ombi hilo tuliyapanga kwa dakika mbili: tatizo kwa mfano mmoja wa kata ile, namba moja, sheria inasema nini, ombi. Msemaji alikuwa mwanakikundi aliyenyimwa maelezo, si mimi. Nauli yake alipewa asubuhi kabla ya safari. Nauli inayolipwa baada ya kikao humfanya mtu aseme anachodhani mlipaji anataka kukisikia. Picha na jina lake havikutumika kutangaza kitabu, hata alipokubali, kwa sababu idhini ya kampeni si idhini ya biashara, na ukitaka ya pili uiombe peke yake siku nyingine.

Baada ya kikao barua ya kukumbushia ilikwenda ndani ya siku tatu, ikitaja tarehe, waliohudhuria na ahadi kwa maneno yaleyale yaliyotamkwa. Kisha tukasubiri mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila miezi mitatu na ndipo mapato na matumizi husomwa, ahadi ile ikaulizwa pale mbele ya watu na kuingizwa kwenye muhtasari. Daftari langu lina safu nne kwa kila kata: nakala zilizouzwa, nakala za ofisi, ahadi, na tarehe ubao ulipobandikwa. Nakala zikiisha kwenye kata ambayo safu ya nne bado tupu, sipeleki nyingine kwanza. Naanza na barua ya pili.